Kombe ya Merdeka: inchi changa iliyoita majirani wake bila kungoja mwaliko

Siku ya kwanza ya juma, kisha posti ya usiku, tulikuwa tumesimama mbele ya duka ya mikate, vumbi ingali mu nywele. Delege mmoja kijana akaniuliza: "Papa, kombe ya 30 Juni tutacheza hii mwaka, ao tutangoya tena kompani itupatie mupira?"

Sikumjibu palepale. Mu kambi yetu mashindano ya 30 Juni yalichezwa miaka mingi. Kila mtaa ulikuwa na ekipe yake, hata wamama walikuwa na yao. Kiisha bei ya shaba ikashuka, kompani ikakata pesa za michezo mbele ya kukata kitu ingine, na mashindano yakakufa. Sasa kompani inarudi na neno tamu: italipa yote, mpira, nguo za kuchezea, hata ng'ombe ya siku ya finale. Lakini kombe itaitwa kwa jina ya kompani. Itachezwa siku ambayo wao watachagua. Na wao njo watasema ekipe gani itaalikwa. Mu orodha yao, vijana wanaofanya kazi kwa kompani ndogo-ndogo za kukodishwa hawamo. Ni wale wenyewe wanaodai malipo ya saa za ziada tangu siku mingi.

Nikamwambia kijana: "Mbele nikujibu, nikuelezee habari ya kombe moja ya kule Azia." Alisikiliza mpaka mwisho, mkate ukapoa mu mkono. Leo ninaiandika kwa wote, juu inatuhusu.

Mji uliozaliwa na mgodi

Kombe ile inaitwa Merdeka, na inachezwa mu Kuala Lumpur, mji mkubwa wa Malaysia. Mbele ya mpira, mjue kwanza mji wenyewe. Jina yake maana yake ni mahali mito miwili inakutana mu matope. Mwaka 1857, mkubwa mmoja wa pale, Raja Abdullah, alituma Wachina 87 wapande mto kutafuta bati. Bati njo ile madini inayotoka mu kasiterite, kama ile ya kwetu ya Manono na ya Kivu. Wale watu walifika Ampang, mu pori. Habari inasema kisha mwezi mmoja walibaki 18 tu. Wengine malaria iliwamaliza. Wakatumwa wengine kuchukua nafasi yao, na bati ikaanza kutoka. Karibu na machimbo watu wakajenga nyumba, kiisha maduka, kiisha mji. Vile vile Lubumbashi yetu iliota mwaka 1910 karibu na shaba ya Étoile.

Waingereza walipotawala, kila kabila ilipewa kazi yake na mahali pake. Wachina wengi walikuwa mu bati. Wahindi wa Tamil waliletwa mu mashamba ya mpira, ule mpira wa miti. Wamalay wengi walibaki mu vijiji vyao na mchele. Kulikuwa pia wamama waliosimama mu maji mpaka magotini, na sahani kubwa ya mti mu mikono, wakipepeta mchanga watafute bati. Wamama wetu wanaosafisha mawe mu mito wangewatambua kama dada zao. Bati ile ilifunika makopo ya samaki na ya maziwa ya dunia nzima. Kwa miaka mingi hakuna inchi iliyotoa bati kuwapita.

Neno moja juu ya jina. Wakati wa uhuru inchi ile iliitwa Malaya. Msicheke. Kwao ni jina ya kabila na ya inchi, haina njia moja na neno yetu. Tangu mwaka 1963, ilipoungana na majimbo ingine, inaitwa Malaysia. Nitatumia jina hii moja kwa habari yote, tusichanganye vichwa.

Mara saba "Merdeka"

Uhuru ulifika tarehe 31 Agosti 1957, miaka 100 kamili kisha wale wachimbaji 87. Walikuwa wamejenga uwanja mpya kwa ajili ya siku ile, na uwanja ulifunguliwa tarehe 30 Agosti, siku moja mbele. Asubuhi ya uhuru, Tunku Abdul Rahman, mkubwa wa serikali mpya, alisimama mu uwanja ule mbele ya watu mingi, akainua mkono, akapaza sauti mara saba: "Merdeka!" Watu wakajibu kila mara. Merdeka maana yake ni uhuru. Uwanja nao ukaitwa vile.

Tunku hakuwa mtu wa siasa tu. Alikuwa pia mkubwa wa chama ya mpira ya inchi yake. Mu kichwa yake sherehe ya uhuru haikuwa ya maaskari kupita na bendera peke yake. Aliita ekipe za inchi za Azia waje kucheza Kuala Lumpur, siku zilezile za sherehe. Hakuandika barua Ulaya kuomba ruhusa. Inchi ilikuwa haijafikisha hata mwezi moja, na ilikuwa tayari imeweka meza na kuita wageni.

Na kombe ya kwanza ilienda wapi? Ilienda Hong Kong. Mgeni alikula karamu, akabeba na sufuria. Hakuna aliyesema mashindano yafutwe. Mwaka 1958 waliita tena, na mara ile Malaysia ikashinda. Mwaka 1959 ikashinda tena. Mwaka 1960 waligawanya kombe na Korea Kusini. Wengi kwetu, mwenyeji akishindwa mara ya kwanza, mwaka wa pili hakuna mashindano, na wakati ingine hata mawe yanaruka. Ninyi munajua tereni gani ninasemea.

Juu ya nini kujiwekea meza

Mtu atauliza: kombe ya kirafiki, ya kualikana tu, ina maana gani? Ili kujibu, mtazame namna dunia ya mpira ilikuwa wakati ule.

Mwaka uleule 1957, mu mwezi wa pili, Afrika nayo ilifungua kombe yake, CAN, kule Khartoum. Ekipe zilikuwa tatu tu: Sudan, Misri na Ethiopia. Afrika Kusini ilikatazwa juu serikali yake ilikataa weupe na weusi wacheze mu ekipe moja. Misri ikashinda. Ona basi: Waafrika na Waazia, mwaka mmoja, hawakupatana mbele, lakini walifikiri namna moja. Mkubwa asipokuita kwa meza yake, weka yako.

Na mkubwa kweli hakuwaita. Kwa Kombe ya Dunia ya 1966 mu Uingereza, nafasi zilikuwa 16. Afrika, Azia na Oseania, zote tatu pamoja, zilipewa nafasi moja. Nafasi moja kwa zaidi ya nusu ya watu wa dunia! Mshindi wa Afrika alipashwa bado kupigana na wengine mbele ya kuingia. Waafrika walikataa, ekipe zote zikatoka. Njo mgomo huo. Sisi wa sendika tunaujua kwa jina yake. Nafasi ile ikaangukia Korea Kaskazini, na Korea Kaskazini ikapiga Italia 1-0. Watu wa Ulaya wakashangaa kwamba Waazia wanajua kucheza. Kwa mwaka 1970 Afrika ikapewa nafasi yake yenyewe, na Maroko ikaenda. Mwaka 1974 Zaire yetu ikaenda. Mgomo ule ulilipa, hata kama waliougoma mwaka 1966 hawakukula matunda yake wote.

Mu miaka ile yote Merdeka ilikuwa kazi ya kila mwaka kwa Waazia. Kombe ya Azia yenyewe ilirudi kisha miaka minne, na ekipe kidogo tu. Mchezaji hawezi kukaa miaka minne bila mechi ya nguvu. Lakini mu Kuala Lumpur, kila mwaka, Burma, Korea Kusini, Japani, India, Thailand, Indonesia walijua kuna mahali pa kupimana. Tunku mwenyewe alikamata uongozi wa mpira wa Azia yote kutoka 1958 mpaka 1977.

Kombe iliyopita mu moto

Orodha ya washindi wa Merdeka ni kama historia ya Azia kwa ufupi. Indonesia ilibeba kombe 1961 na 1962. Kiisha, kutoka 1963 mpaka 1966, Indonesia na Malaysia waligombana vikali juu ya kuundwa kwa Malaysia, mpaka maaskari walipigana mu pori ya Borneo. Kisha amani, Indonesia ilirudi, na mwaka 1969 ikabeba kombe tena mu mji wa adui wa jana.

Burma ilishinda 1964, ikagawanya na Korea Kusini 1967, ikashinda tena 1971. Leo kijana akisikia Myanmar anafikiri vita tu. Wakati ule walikuwa kati ya wakubwa wa Azia.

Mwaka 1966 kombe ilichukuliwa na Vietnam ya Kusini. Kwao bomu zilikuwa zinaanguka kila siku, na wachezaji wao walitoka pale, wakacheza, wakashinda, wakarudi palepale. Kocha wao alikuwa Mjerumani, Karl-Heinz Weigang. Huyu Weigang baadaye alifundisha Mali, ile iliyofika finale ya CAN ya 1972 mu Yaoundé. Dunia ya mpira ni kijiji.

Na mwaka 1980 kombe ya Waazia ilibebwa na Waafrika: Maroko ilialikwa, ikaja, ikashinda.

Lakini moto mkubwa ulikuwa ndani ya nyumba. Tarehe 13 Mei 1969, mu Kuala Lumpur yenyewe, Wamalay na Wachina walianza kuuana mu barabara. Nyumba zilichomwa, watu mingi walikufa. Sisi wa Katanga tunajua damu ya namna ile, jirani juu ya jirani, sitaeleza mingi. Mwaka uleule, kombe ya Merdeka ilichezwa. Mpira hauponyeshi kidonda cha namna ile, nisidanganye mtu. Lakini tazameni ekipe waliyokuwa nayo kisha miaka michache. Mbele alikuwa Mokhtar Dahari, Mmalay. Nyuma Soh Chin Aun, Mchina, na pembeni yake Santokh Singh, mtu wa Kisikh. Mu goli R. Arumugam, Mtamil, mikono mirefu mpaka walimwita buibui. Mtoto wa wale wa bati, mtoto wa wale wa mashamba, mtoto wa kijiji, wote shati moja. Ekipe ya rika ile ilibeba Merdeka 1973, 1974 na 1976. Mwaka 1980, mu uwanja wa Merdeka, Malaysia ilipiga Korea Kusini 2-1, ikapata njia ya kwenda Olimpiki ya Moscow. Hawakuenda, juu serikali yao iligomea Moscow kwa sababu ya vita ya Afghanistan, kama vile Zaire yetu ilivyogoma.

Bati ilipoanguka

Mwezi wa kumi 1985, soko ya bati ilivunjika. Kulikuwa na chama ya inchi mingi iliyonunua bati ili bei isishuke. Siku moja chama ile iliishiwa na pesa, na soko ya London ikafunga biashara ya bati. Bei ikaanguka karibu nusu. Mu Malaysia machimbo yakafungwa kwa mamia, na maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Inchi iliyokuwa ya kwanza mu dunia ikaacha nafasi yake. Walioishi Gécamines ya mwaka 1990 hawana haja ya kuelezwa.

Sisemi bei ya bati njo iliharibu kombe. Kombe iliharibika kwa njia ingine. Ili kuvuta watu, wenyeji walianza kualika ekipe na vilabu vya mbali. Mwaka 1988 kombe ya uhuru wa Azia ilibebwa na Hamburg, kilabu ya Ujerumani. Mwaka 1991 ilibebwa na Admira Wacker, kilabu ya Austria. Majirani waliojenga kombe wakawa watazamaji. Kiisha miaka ikaanza kupita bila mashindano. Mwaka 1996 ikazaliwa kombe ingine kwa inchi za kusini-mashariki ya Azia, na ikaitwa Tiger, jina ya bia. Kombe ile baadaye ikaitwa Suzuki, jina ya pikipiki. Kiisha ikaitwa Mitsubishi Electric. Mlipaji akibadilika, jina inabadilika. Wala tusiwacheke, juu Mazembe yetu ilibeba kombe ya Afrika 1967 na 1968 ikiitwa Englebert, jina ya magurudumu ya gari.

Merdeka ilibaki na jina yake, lakini kutoka 2013 ililala miaka kumi. Mwezi wa kumi 2023 iliamka tena. Palestina ilikuwa imealikwa. Vita ikawafungia njia, hawakuweza kusafiri. Tajikistan ikapiga Malaysia 2-0 mu finale. Mara ingine tena mgeni akabeba kombe, na mara ingine tena hawakufuta mashindano. Mwaka 2024 waliita tena, na Malaysia ikapiga Liban 1-0, ikashika kombe yake kisha miaka kumi na moja.

Sasa kwetu

Nilipomaliza, yule kijana alisema: "Papa, habari ni muzuri. Lakini Tunku alikuwa na serikali. Siye hatuna na hata mupira."

Ni kweli. Na si yeye peke yake aliyenipinga. Mu mkutano wa sendika wa juma ile mama mmoja, mjane wa mchimbaji, alisimama, akasema wazi: "Batoto bangu beko nacheza bila bilato. Jina ya kompani mu mugongo haitabaua. Ninyi ba delege munatafuta heshima, siye tunatafuta nguo." Watu walimpigia mikono. Nami nilimpigia, juu anasema kweli. Mtu aliye na tumbo tupu hali jina.

Lakini mama, nisikilize kidogo. Nguo ile itadumu msimu mmoja. Kompani iliwahi kulipa zamani, na bei iliposhuka ikaondoka na mpira wake mu mfuko. Itaondoka tena. Shaba na kobalti hazijui huruma kupita bati. Na kitu ya pili njo inaniuma zaidi: anayeandika barua ya mwaliko njo anachagua nani ni jirani. Wakiandika wao, wale vijana wa kompani za kukodishwa, wanaoshuka mu shimo moja na sisi, watasimama inje ya kamba wakitazama. Kesho tukidai saa zao za ziada, watatuuliza: "Siku ya kombe mulikuwa wapi?" Tutawajibu nini?

Kwa hiyo nilileta mawazo matatu mu mkutano, na ninayaleta hapa ili kila familia iyapime nyumbani.

Ya kwanza: jina na siku vibaki vyetu. Kombe ni ya 30 Juni, inachezwa 30 Juni, mvua ao jua, bei juu ao chini. Tukiwa na mpira mmoja tu wa kushonwa, tutacheza na ule.

Ya pili: mwaliko uandikwe na sisi. Kila mtu anayefanya kazi mu mgodi ana ekipe yake ndani, mwenye matrikule na asiye nayo, wachimba wa mikono pia, na ekipe ya wamama.

Ya tatu: kompani ikitaka kutoa nguo na maji, karibu. Tutapokea mbele ya watu wote, tutaandika mu karatasi kwamba ni zawadi, tutashukuru kwa heshima. Lakini zawadi haiwezi kuwekwa mu mizani moja na madai ya mishahara. Karatasi ya madai inabaki mu meza ingine, na inaendelea.

Mu mkutano hatukupatana. Wengine wanaona mimi ninatafuta ugomvi mahali pa mchezo. Mkutano ingine ni siku ya Mungu kisha misa, kule kwa chini ya mwembe. Yule mama ameniambia atakuja, na atasema tena. Ninaomba aje. Na ninaomba wale vijana wa kompani za kukodishwa nao waje, wasimame wenyewe waseme kama wanataka kucheza.

Yule delege kijana ameanza tayari kupita nyumba kwa nyumba na daftari ya shule, akiandika majina ya ekipe. Jana alikuwa nazo saba.